Kitochi, Simu ya Tachi na Dakika Moja Hewani

Ukikaribia kibanda cha fundi wa simu kilicho chini ya ngazi za jengo la maduka, utamsikia fundi kabla hujamwona.

"Bisibisi inaingia kwa upande wa kushoto. Skrubu imejichimbia, haitaki kutoka. Anaizungusha, anaizungusha tena, skrubu inapepesuka, imetokaaa."

Anayetangaza ni mwanamke kijana, mwembamba kama waya wa chaja, na anayetangazwa ni yeye mwenyewe. Hajui kufanya kazi kimya. Akichomelea anatangaza, akitafuta kibanio kilichopotea anatangaza, na hata saa ya chakula wapita njia huarifiwa tonge limefika wapi. Mtaa ulimpachika jina la Mtangazaji kwa kumcheka. Yeye akalipokea kwa mikono miwili, maana walikuwa wametaja, bila kujua, kitu alichokuwa akikililia moyoni tangu utotoni: kutangaza mpira redioni.

Alikwisha kwenda kituo cha redio cha mji wao na kuomba nafasi. Hakuvuka mapokezi. Waliulizia cheti, kana kwamba pumzi na ulimi hugawiwa siku ya mahafali. Akarudi kwenye skrubu zake, lakini hakunyamaza.

Ndipo mtangazaji mkongwe wa kituo kile alipostaafu, na redio ikaja na jambo jipya. Jumamosi asubuhi watafungua laini ya simu. Kila atakayepenya atapewa dakika moja atangaze chochote kilicho mbele ya macho yake. Atakayewakuna wasikilizaji kuliko wote ataitwa uwanjani jioni ileile, atangaze kipindi cha kwanza cha mechi. Mtangazaji aliposikia hayo alijichoma kidole kwa chuma cha kuchomelea na hakuhisi kitu mpaka baadaye.

Jumamosi ilipofika, kibandani walikuwa watatu. Alikuwapo yeye. Alikuwapo mdogo wake wa kiume, aitwaye Tachi, ambaye aliuza simu za kugusa kwenye nusu ya pili ya meza hiyohiyo. Na alikuwapo shangazi yao, mlinzi wa ghala, aliyefuata simu yake ndogo ya vitufe, zile ambazo watu huziita vitochi. Kesi iliyokuwa mezani ilikuwa moja: apige kwa simu ipi?

"Dada, chukua yangu," Tachi alisema. "Utasikika kama umekaa ndani ya studio. Ukipiga kwa hicho cha Shangazi watadhani wewe ni mtu aliyefunikwa sufuria."

"Wewe kijana," Shangazi akajibu, "si ni hiyo yako iliyozima jana katikati ya maneno matamu? Tulikuona unakibembeleza kioo cheusi."

"Chaji ilikuwa imeisha, Shangazi."

"Yako huwa haijaisha lini? Mimi changu nikikichaji, mpaka kije kuomba tena nimeshasahau chaja niliiweka wapi. Kilianguka kutoka juu ya shehena ya magunia. Betri huku, mfuniko kule. Nikavikusanya, nikavibana, nikampigia niliyekuwa naongea naye."

"Na sakafu ikapelekwa hospitali."

"Sakafu ilikuwa ya saruji. Ingeanguka yako, kioo ndicho kingelazwa."

Mtangazaji alicheka. Simu zote mbili alizijua kwa ndani, kama mama anavyowajua watoto wake kwa kikohozi. Simu ya Tachi ilikuwa na sauti safi, ilirekodi, ilituma chochote popote. Lakini kupiga tena namba kwayo kulitaka uamshe kioo, uguse hapa, uguse pale, na kidole kikiwa na jasho inakuona unatania. Ukiiweka sikioni, shavu lako linaweza kukata simu bila kukuomba ruhusa. Kitochi hakina picha, jumbe zikizidi kidogo kinalalamika kimejaa, na sauti yake ina ukungu. Ila kina kitufe cha kijani. Bonyeza mara mbili tu, namba ya mwisho inapigwa tena hata ukiwa umefumba macho. Kwa laini moja inayogombewa na mji mzima, kitufe hicho ni silaha.

Kitochi cha Shangazi kilikuwa na kilema kimoja zaidi. Kipaza sauti chake kililegea, na kipuri kilikuwa hakijaletwa. Kilisema tu ukikibana kwa dole gumba kwenye kona ya chini. Ukiachia, kinakuwa bubu.

"Tunapiga zote mbili," Mtangazaji aliamua. "Itakayopenya ndiyo hiyo."

Redio juu ya rafu ikatangaza laini ziko wazi. Kijani, kijani. Inatumika. Kijani, kijani. Inatumika. Upande wa pili Tachi alikuwa akipangusa kioo kwa fulana.

"Vipi?" dada yake akauliza.

"Inaniuliza kama nataka kusasisha programu."

"Iambie tuko kazini," Shangazi alisema.

Kijani, kijani. Safari hii kitochi kililia mlio mrefu. Mara ya pili ikapokelewa.

"Uko hewani, mpigaji."

Redio iliyokuwa juu ya rafu ikayarudia maneno hayo kwa mlio mkali wa kutoboa masikio. Shangazi akaizima kwa kofi moja. Tachi, ambaye simu yake ilikuwa bado inafikiri, akaacha kupiga, akabonyeza kurekodi na kuisogeza karibu na kidevu cha dada yake.

"Hatukusikii, mpigaji."

Dole gumba likatua kwenye kona. "Na sasa?"

"Sasa tunakupata. Dakika moja ni yako. Una nini mbele yako?"

Mbele yake kulikuwa na meza. Juu ya meza kulikuwa na kitochi kingine kilichopasuliwa tumbo, na karibu na kidevu chake simu ya Tachi iking'aa. Akavuta pumzi.

"Karibu uwanja wa meza yangu ya ufundi simu, msikilizaji, ambako leo wazee wa Vitufe wanawakaribisha vijana wa Kioo. Kioo wameingia na jezi zinazong'aa, wana kamera mbele, kamera nyuma, wanajiona hata wakicheza. Mpira unaanza. Kioo anamiliki, anapiga picha, anaituma, anaipamba, anacheza kwa mbwembwe, lakini msikilizaji, chaji inashuka, inashuka, nahodha anatafuta soketi. Vitufe wanapokonya. Hawana picha hawa, hawana ramani, ukiwaomba video wanakuangalia tu, lakini wana tochi usoni na pumzi za wiki nzima. Pasi ndefu. Kioo anaruka, anadondoka, oh, amepasuka, machela inaingia. Kitufe naye amedondoka, betri imetoka, mfuniko umetoka, nani kamwona mfuniko, wanamfunga, ameamka, anakimbia tena huyo. Kioo wamerudi na kioo kipya, fundi kawahudumia pembeni, wanashambulia, wana kasi, wana rangi, Vitufe wamejaa, hawana nafasi hata ya ujumbe mmoja. Mpira unaokolewa, anaupata mzee wa kijani, anapiga, inatumika, anapiga tena, inatumika, anapiga tena, umepenyaaa. Goooli."

Na hapo damu ya mpira ikamponza. Hakuna mtangazaji aliyezaliwa ambaye hufunga goli mikono ikiwa chini. Mtangazaji alirusha yote miwili juu, kitochi kikapaa nayo, dole gumba likaachia kona. Alipokirudisha sikioni mtu wa redio alikuwa anacheka huku akisema, "Jina lako nani, dada? Halo? Namba yako? Halo?" Akabana kona, akasema, lakini laini ilikuwa imekwisha kukatwa.

Shangazi akawasha redio kwa upole usio wa kawaida yake.

"Fundi wa simu, popote ulipo, rudi hewani," mtu wa redio alikuwa akisema. "Simu yetu ya mezani haionyeshi namba ya anayepiga. Nakutafuta wewe." Kisha akapokea simu nyingine. Sauti nzito ikasema, "Ndiye mimi yule fundi."

"Yule alikuwa mwanamke, bwana."

"Nilikuwa na mafua."

Baada ya huyo alikuja mwanamke aliyedai kuwa ndiye, kisha mwingine. Mji mzima sasa ulikuwa fundi wa simu. Kijani, kijani, inatumika. Kijani, kijani, inatumika. Macho ya Mtangazaji yakaanza kujaa machozi, naye bado anabonyeza.

"Dada, acha," Tachi alisema. "Nimekurekodi yote. Wana namba ya kupokea sauti."

Akabonyeza kutuma. Kiduara kikazunguka, kikazunguka. Chini ya ngazi mtandao ulikuwa wa kuokoteza. Tachi akachomoka, akapanda ngazi akiruka vidato, simu ameinua juu kama anayeomba mvua. Kutoka juu ikasikika, "Imekwenda."

Alirudi akihema, chaji ikiwa nyekundu. Shangazi alichukua waya wa chaja, akaichomeka simu mwenyewe. Muda si muda ikaita, Mtangazaji akapokea.

"Nimeisikia sauti uliyotuma," alisema mtu wa redio. "Ila rekodi hata mwizi anaweza kuwa nayo. Nitangazie kitu sasa hivi."

"Shangazi yangu anamkumbatia muuza simu za kugusa," Mtangazaji alianza, na sauti yake iliyokuwa ikitetemeka ikapata miguu. "Kijana anajaribu kuponyoka, anazuiwa, shangazi kashika jezi, mwamuzi haoni, mwamuzi naye analia."

"Ndiye wewe. Uwanjani kabla ya saa kumi, dada. Njia panda utamkuta dereva wetu."

Shangazi akauliza, bila kumlenga yeyote, ni simu ipi sasa iliyoshinda. Mtangazaji alikuwa amewageuzia mgongo wote wawili, waya wa chaja umejinyoosha mpaka mwisho.

"Nipe majina ya wachezaji," alikuwa akisema. "Timu zote mbili, na wa akiba. Anza na mlinda lango. Polepole, nataka niyashike kichwani."

Alipokata simu aliondoka na aproni yake kiunoni, bila kuaga, akiyarudia majina yale kwa mdomo. Alipofika kona ya jengo alikuwa ameshawamaliza mabeki wote na yuko kwa winga wa kulia.