Tope Lililokauka Halijaiva

Siku yangu ya kwanza kazini, kwenye mtambo wa kusafisha majitaka mjini Kitale, Msimamizi wa Mtambo alinipa buti za mpira na sepetu, akanipeleka kwenye vitanda vya kukaushia. Hivyo ni viwanja vyenye kuta fupi na mchanga chini. Tope linalotua katika mabwawa ya majitaka humwagwa humo, maji yakachujika mchangani na jua likamalizia.

“Watu watakucheka,” aliniambia. “Wacha wacheke. Wote wanaenda choo.”

Alinifundisha kwamba tope likipasuka nyufa, limekufa, na wakulima wanaweza kulichukua kama mbolea. Enzi hizo hofu yetu kubwa ilikuwa mayai ya minyoo.

Baada ya miaka mingi nilihamishiwa Bungoma, chini ya Afisa wa Maabara, mama mmoja mcheshi tuliyemwita Madam. Nilipomweleza somo langu la Kitale, alicheka.

“Mzee, hata kisigino changu kimepasuka, na mimi si maiti.”

Akanionyesha kisahani alichooteshea bakteria kutoka kwenye tope letu kavu. Juu yake alikuwa ameweka vidonge vidogo vya karatasi vilivyolowekwa dawa za antibayotiki. Dawa inayofanya kazi huacha duara tupu kuizunguka. Karibu na karatasi mbili hapakuwa na duara lolote. Bakteria walikuwa wamemea hadi ukingoni mwa karatasi.

Nawaeleza ninyi mnaoanza kazi hii kama alivyonieleza. Majitaka hukusanya vijidudu vya mji mzima, pamoja na masalio ya dawa tunazomeza. Baadhi ya bakteria wana jeni za usugu, yaani maelekezo ndani ya miili yao ya jinsi ya kuhimili dawa. Nao hupeana maelekezo hayo, hata wakiwa wa aina tofauti, kama majirani wanavyopeana mbegu juu ya ua. Katika tope wamesongamana, kwa hiyo kupeana ni rahisi. Kukausha peke yake hupunguza bakteria, lakini wengi husalia.

Madam akaagiza tuchanganye tope na mabua ya mahindi na nyasi, tulirundike, tuligeuze mara kwa mara. Lundo likichanganywa vizuri huchemka lenyewe, na joto hilo huua bakteria wengi. Tulichomeka ndani yake fimbo ya chuma. Ukiichomoa na usiweze kuishika, joto limefika. Kisha tuliliacha lipoe na kukomaa. Ndipo tuliposema limeiva.

Agizo hilo lilimkuta vibaya Mama Nasimiyu, mkulima wa vitunguu kutoka Chwele. Alikuwa amekodi shamba, miche yake ilikuwa tayari kitaluni, na mvua ilikuwa inakaribia. Alifika langoni na pikapu, kama misimu yote, akakuta lundo letu la kwanza bado bichi.

“Si hii hapa imekauka?” akauliza, akinyoosha kidole kitandani.

“Imekauka, Mama, lakini haijaiva.”

“Ati haijaiva! Kwani ni ndizi? Tumekula hizo vitunguu miaka yote. Nani amekufa?”

“Kitunguu hakitakuua. Siku mtoto atapata kidonda, dawa ndiyo itakataa. Na hakuna mtu atajua hivyo vijidudu sugu vilitoka wapi.”

“Basi nipe ya kuweka kwa miti. Miti hailiwi.”

“Mama, wewe huna miti.”

Akacheka bila kupenda, bana, hata dereva wake akacheka. Kisha akasema atatumia mavi ya kuku wa jirani. Madam, aliyekuwa amesimama nasi, akamwambia kwamba kuku hao hupewa dawa zilezile, na mavi yao pia yanahitaji kurundikwa.

“Sasa nyinyi wawili mnataka nipande na maombi peke yake?”

Aliondoka na pikapu tupu. Alingoja lundo letu. Lilipoiva, miche ilikuwa imezeeka kitaluni na mvua nzuri ilikuwa imepita. Vitunguu vyake vilitoka vidogo, na wachuuzi wa Chwele wakamuuliza kama anauza shanga. Alikuja kunieleza mwenyewe.

“Sijakasirika, Mzee. Lakini hii usafi yenu, mimi ndio nimeilipia.”

Nilimpelekea Madam maneno hayo, naye hakubishana. Tangu msimu uliofuata tulianza malundo mara tu mahindi yalipovunwa, mabua yakiwa tele.

Sasa nimestaafu, niko nyumbani Kitale. Vijana wa mitambo huniuliza kama joto la lundo humaliza jeni zote za usugu. Hapana. Hupunguza nyingi, nyingine husalia hata bakteria wenyewe wakifa, ndiyo maana maabara lazima iendelee kupima. Mtajua zaidi yetu, na mtafanya vizuri zaidi. Ila msimwachie mkulima mmoja gharama ya afya ya wote. Anzeni lundo mapema, liwe limeiva kabla pikapu haijafika langoni.