Firigisi ya Mzee Otukei

Kaka yangu Okwara ni fundi wa kuchomelea vyuma pale Malaba, na tangu ajitengenezee jiko la pipa, hakuna chakula cha sufuria kilichopata sifa tena nyumbani kwake. Alilipasua pipa la mafuta katikati, akaliwashia moto kutwa nzima mpaka harufu ya dizeli ikaisha, kisha akalitia miguu ya vyuma chakavu na wavu wa nondo juu. Makaa ya gunia hataki kuyaona. Anawasha kuni za mpera, anangoja moto ufe ubaki makaa, ndipo anaweka nyama. Jirani akipita anaitwa aonje, na akisifu anaongezwa.

Kwa hiyo wazazi wa Olinga waliposema wanakuja kutoka Amukura kumposa Trizah, bintiye Okwara, nilijua tutasumbuana.

"Kuku ya wakwe inachemshwa," nilimwambia. "Imondo inaonekana kwa mchuzi, mzee anapewa, maneno inaisha."

"Leonida, wewe shughulika na chai. Pipa niachie."

Imondo ndiyo firigisi. Kwetu hicho si kipande cha nyama tu, ndiyo heshima yenyewe, na ni ya mwanamume mkubwa kuliko wote mezani. Kule Butula nilikoolewa, niliona kwa macho yangu wageni waliokuja kuposa wakiitafuta kwenye bakuli, wakaikosa, wakanawa mikono wakaenda zao. Msichana yule bado yuko kwa mama yake. Trizah aliijua habari hiyo, maana nilikuwa nimemsimulia mara nyingi kuliko ilivyohitajika.

Wageni wakafika. Mzee Otukei, baba yake Olinga, alikuwa mrefu, mwenye maneno machache, na amevaa koti zito ingawa jua lilikuwa kali. Nikampa chai na mkate. Aliuchovya mkate mpaka ukawa kama uji, akaula polepole bila kumtazama mtu. Nikaona huyu ana kiburi, na moyo ukanishuka.

Nyuma ya nyumba, Okwara alikuwa amewatandaza jogoo wawili juu ya wavu. Maini aliyafunga kwenye jani la mgomba, lakini firigisi mbili akaziacha wazi ili zishike moto vizuri. Sasa, wavu ule aliuchomelea kwa ajili ya mbavu za mbuzi. Kati ya nondo na nondo mkono wa mtoto unapita. Alipowageuza jogoo kwa mbwembwe zake, firigisi ya kwanza ikadumbukia kwenye makaa. Akainama kuiokoa kwa koleo, akaugonga wavu, ya pili ikaifuata. Tulizitoa zikiwa nyeusi na ngumu kama kokoto.

Trizah alizikuta mkononi mwangu. Hakulia. Alikaa tu kwenye rundo la kuni, akaniuliza mimi shangazi yake, "Senge, sasa wataenda?"

Nilikuwa na mengi ya kumwambia kaka yangu, lakini nilimtazama usoni nikayameza. Mtu anayejigamba mbele ya madereva wa malori kila siku alikuwa anatetemeka midomo. Akawapanga jogoo kwenye sinia, akalibeba mwenyewe hadi sebuleni, akaliweka mezani na kubaki amesimama.

"Mzee, kabla hujanawa mikono," alisema. "Firigisi yako imeungua. Makosa ni yangu, si ya hawa wamama, na si ya huyu msichana. Ukikasirika, unikasirikie mimi."

Olinga akatazama viatu vyake. Mzee Otukei alilikagua sinia upande mmoja hadi mwingine.

"Imeungua yote?"

"Zote mbili, mzee."

"Hakuna hata kidogo imebaki?"

"Hata kidogo."

Mzee akaegemea kiti, akashusha pumzi ndefu. Kisha akafungua mdomo wazi, akatuonyesha. Nyuma huko hakukuwa na jino hata moja.

"Kila mahali naenda napewa hii kitu," alisema. "Na nitakataa aje? Watasema nimewadharau. Naiweka kwa shavu, watu wakiangalia kando naiweka kwa mfuko. Leo nimekuja nikiomba Mungu tangu Amukura."

Mkewe, ambaye alikuwa hajasema lolote tangu afike, akamgeukia polepole.

"Kumbe ndio maana panya wanakula hilo koti."

Okwara alicheka mpaka akashika ukuta. Mimi nilicheka huku machozi yakinitoka, na sikuyafuta, kwa sababu yalikuwa ya raha. Nilikuwa nimekwisha kumwona Trizah akizeeka jikoni kwa mama yake.

"Maini iko?" mzee aliuliza.

Yalikuwapo, laini, bado kwenye jani lake. Trizah akayaleta mwenyewe, pamoja na maji. Mzee Otukei akanawa mikono, akasogeza kiti karibu na meza.