Keki ya Siku ya Posa

Wageni wa posa walikuwa wafike nyumbani kwetu Mgwashi Jumamosi asubuhi, na tangu katikati ya wiki nilishamtangazia mama kwamba chai yao itanywewa na keki. Mama alikuwa amekaa uani anachambua maharage. Hakuinua hata kichwa.

"Keki atapika nani?"

"Mimi."

"Umejifunza lini?"

Nikaingia ndani nikamletea boksi. Nililetewa na binti wa mama mdogo alipokuja likizo kutoka Arusha, nami nililifungia kabatini kama kitenge cha sikukuu. Juu yake kulikuwa na picha ya kipande cha keki ya chokoleti, karameli inachuruzika ubavuni imebeba karanga. Nyuma kulikuwa na maelezo ya Kiingereza: weka mayai, mafuta na maji, koroga, oka. Nilimsomea mama kwa Kiswahili, nikamwambia kazi yote imeshafanyika kiwandani, mtu unamalizia tu.

Mama akaligeuza boksi, akalitikisa sikioni, akanirudishia. "Chai ya wageni ina viazi vitamu na mihogo," alisema. "Lakini wageni ni wako."

Lazima niseme ukweli wa hali yangu wakati ule. Nilikuwa nafanya kazi kwenye duka la kutoa kopi Lushoto mjini. Mchumba wangu, ambaye sasa ni mume wangu, alikuwa wa Soni, na kwao dada zake wote wamesoma. Nilitaka siku ile waone kwamba na mimi nimeona mambo. Ndiyo hivyo tu. Kila kilichofuata kilitokana na hapo.

Ijumaa mchana nikafungua boksi. Ndani mlikuwa na mfuko mmoja wa unga wa kahawia, basi. Nilitia mkono nikapapasa mpaka pembeni. Karameli na karanga vilikuwa vya picha.

Sikumwambia mama. Nilitafuta video kwenye simu, nikapata ya mama mmoja anayepika karameli kwa sukari, maziwa na siagi, akisema ichemke mpaka iwe rangi ya asali. Karanga zilikuwepo, shangazi yangu alikuwa ametuletea kutoka Mnazi. Keki yenyewe haikunisumbua. Nilitia mchanga kwenye sufuria kubwa, nikaweka ile ndogo ndani yake, makaa chini na makaa juu ya mfuniko, na ilipoiva harufu ya chokoleti ikatoka mpaka barabarani.

Karameli ndiyo iliyonishinda. Ilikuwa nyepesi kama uji wa mgonjwa. Nikachochea moto. Mama akapita mlangoni, akachungulia.

"Toa, hiyo imeshakuwa."

"Bado, mama. Ikipoa itamwagika."

"Sukari hiyo. Ikipoa itakuwa kitu kingine."

Nikaiacha. Ilipita rangi ya asali, ikafika rangi ya chai ya rangi, nikaimimina juu ya keki na kumwagia karanga zilizokaangwa. Ilipendeza. Nasema kweli, ilipendeza kuliko ya kwenye boksi. Niliipiga picha nikamtumia mchumba wangu, naye akajibu kwa alama za moyo tu.

Asubuhi ya Jumamosi ukungu ulikuwa umeshuka mpaka mlangoni, baridi ya mwezi wa saba ile ya kwetu inayomfanya mtu aongee akitoa moshi. Keki ililala kwenye meza ya jikoni. Nilipoweka kisu juu yake, kisu kiliteleza. Ile karameli ilikuwa imekuwa kioo. Wakati huo wageni walishaingia, sebuleni wanaimba wimbo wa kufungua, nikaona sina muda wa kuipasha moto. Nikachukua mchi wa kutwangia vitunguu saumu, nikagonga mgongo wa kisu. Nilikuwa nagonga wanapopaza sauti na kuacha wanaposhusha. Vipande vikatoka.

Wageni walikuwa wawili. Msemaji alikuwa baba mkubwa wa mchumba wangu, mzee wa kanisa, mtu mrefu mwenye koti jeusi, na anasifika Soni nzima kwa kujua kusema mbele za watu. Aliyefuatana naye alikuwa shangazi wa mchumba wangu. Mchumba mwenyewe alibaki kwao. Baba yangu aliwapokea, mama akakaa nao kidogo kisha akarudi jikoni. Mimi nilipiga magoti, nikawaamkia, nikagawa chai na keki, nikatoka. Nilisimama nyuma ya pazia la mlango wa kwenda jikoni.

Nikamsikia baba mkubwa akisafisha koo. "Ndugu zetu," alisema, "sisi ni watu tuliotumwa. Lakini kabla sijasema kilichotuleta, ngoja nionje mkono wa binti."

Halafu nikasikia mlio. Kah! Kama mtu amekanyaga kijiti kikavu.

Nikasubiri asifu. Badala yake nikasikia sauti ya shangazi, ya chini: "Kaka, vipi?" Kaka hakujibu. Baba akakohoa, akasema kwamba mwaka huu baridi imezidi. Muda kidogo akaja yeye mwenyewe mpaka jikoni, jambo ambalo hafanyi tukiwa na wageni, akiwa ameshika sahani iliyofunikwa leso ya mwanamume. Akampa mama, akageuka bila kunitazama.

Mama akafunua. Kipande kilikuwa kizima. Juu yake, katikati ya karameli, kulikuwa na meno manne ya mbele na ufizi wake wa plastiki ya pinki, yameng'ata keki peke yake.

Sijui ni kwa nini, lakini jambo la kwanza nililofanya ni kuifunika ile sahani tena, kama vile meno yangeweza kuniona.

"Chemsha maji," mama alisema. "Yasichemke sana."

Tukakitia kile kipande kwenye bakuli la maji ya vuguvugu. Karameli haikuwa na haraka. Mama alikuwa anaisugua kwa kidole, taratibu, anatoa karanga moja moja katikati ya jino na jino. Hakunigombeza. Laiti angenigombeza. Nilisimama pale uso unawaka, na kutoka sebuleni nilikuwa namsikia baba akihangaika kuujaza ule ukimya. Alizungumzia barabara ya Soni, akazungumzia viazi vilivyopata ugonjwa, akarudi kwenye baridi. Kisha nikamsikia akisema, "Labda shangazi uendelee kwa niaba yake."

"Mimi?" shangazi akajibu. "Mimi sikutumwa kusema, ndugu yangu. Nimetumwa kusindikiza."

Basi posa yangu ikasimama. Msemaji hakuwa na meno ya kusemea.

Mama alipomaliza aliyasuuza kwa maji ya chumvi, akayaweka kwenye bakuli safi, akafunika kitambaa cheupe, akanisogezea.

"Peleka."

"Mama, siwezi. Peleka wewe."

"Mimi na yule tunakwenda kuwa wakwe. Nimpelekee mkwe wangu meno yake? Baba yako naye hivyo hivyo. Wewe ukiolewa ni mwanawe. Mtoto akimwona mzazi hivyo, haihesabiki."

Nikaenda. Kutoka jikoni mpaka sebuleni ni hatua chache, nikazipiga nimelikumbatia bakuli. Baba alikuwa anatazama sakafu. Shangazi alikuwa amegeukia dirishani, anaangalia ukungu. Baba mkubwa alikuwa amekaa wima, mkono mmoja umefunika mdomo, na macho yake yalikuwa na maji. Mpaka siku ile sikuwa nimefikiri kwamba mtu mzima wa namna ile anaweza kupata aibu. Nilipiga magoti, nikalisogeza bakuli kwa mikono miwili. Sikujua kama nitoke au nibaki, nikabaki pale chini, nimeinamisha kichwa, natazama viatu vyake vilivyopigwa rangi kwa ajili ya safari ya kuja kwetu. Nikamsikia akigeukia ukutani. Kikasikika kitu kikiingia mahali pake.

"Asante, mwanangu," alisema. Sauti ilikuwa ileile ya mwanzo. "Sasa naweza kusema."

Akasema. Alisema vizuri, kwa utaratibu, kwamba kijana wao amemwona binti katika nyumba hii na wazee wamemtuma aje kubisha hodi. Baba akanigeukia, akaniuliza, kama inavyotakiwa, iwapo watu hawa nawafahamu na kama wapokelewe. Nilijua jibu. Nilikuwa nimelifanyia mazoezi mbele ya kioo dukani. Lakini ilibidi baba aulize mara ya pili, na mimi nikaitikia kwa kichwa tu, machozi yananidondoka kwenye khanga.

"Mnaona?" shangazi alisema, amefurahi kweli. "Huyu ana haya. Mabinti wa hivi siku hizi hawapatikani."

Maneno hayo yaliniumiza kuliko kama angenicheka.

Wakala viazi vya mama na mihogo yake, wakavimaliza. Keki nilikuwa nimeshaiondoa mezani. Wakati wa kuaga shangazi aliulizia kipande cha kuwapelekea wa Soni, na mama, ambaye sijawahi kumsikia akisema uongo, akasema imekwisha.

Jioni mchumba wangu akapiga simu. "Keki waliipenda?" Nikamwambia walikula. "Baba mkubwa je, alisemaje?" Nikamwambia alisema asante. Hakuuliza zaidi, na mimi sikuongeza.

Wiki iliyofuata baba mkubwa alimpigia baba kuzungumzia siku ya kuleta barua. Walipomaliza akaomba nipewe simu. Nilitamani nikatae. Nikaipokea kwa mikono miwili, nikamwamkia, akaitikia.

"Mwanangu," alisema, "lile jambo. Shangazi yako niliyekuja naye hakuona sana, alikuwa ameangalia nje. Kijana sijamwambia, wala sitamwambia. Nimeona nikuambie, maana nilipotoka hapo nilikuwa nafikiri, yule binti atakuwa analala kweli?" Akasafisha koo. "Mimi mwenyewe nililala vibaya. Niliona aibu sana, mwanangu. Nyumba ya watu, siku ya kwanza."

Kumbe alikuwa amebeba aibu ileile, peke yake, kutoka Mgwashi mpaka Soni. Nilitaka kumwomba msamaha, nimweleze ya moto na ya sukari, nimwambie kosa halikuwa lake hata kidogo. Lakini kitu pekee kilichonijia mdomoni kilikuwa, "Shikamoo baba," na tulikuwa tumeshaamkiana.

"Marahaba," akajibu, kwa upole, kama vile ndiyo kwanza nimepokea simu.