Mpambaji aliyegoma kumchora Mwarabu kovu

Saa moja asubuhi, chumba cha vipodozi cha kituo cha televisheni kinanukia gundi na chai. Mwigizaji mwenye umri wa miaka sitini na miwili ameketi mbele ya kioo, taulo shingoni, macho kayafumba. Mwanamke aliyesimama nyuma yake anampaka poda kwenye upara.

"Tulia, mzee wangu," anamwambia. "Ukicheka, poda yote inaniangukia mimi."

"Nitatulia vipi na wewe unanitekenya?"

Hapa kazini wanamwita Shangazi Poda. Ana miaka arobaini na mitatu, na kumi na mmoja kati ya hiyo ameimalizia katika chumba hiki kisicho na dirisha. Ni Mwarabu aliyezaliwa hapa hapa nchini, kama baba yake. Babu ndiye aliyehamia, tena akiwa mtoto wa kubebwa.

"Nimebandika ndevu za magaidi zaidi ya mia mbili," anasema, safari hii bila kutabasamu. "Akija mtu mwenye sura ya Kiarabu, sikuwa na haja ya kuuliza. Ndevu nyeusi, kovu shavuni, wanja wa kuyafanya macho yatishe. Huyu mzee peke yake nimemfanya gaidi mara saba."

"Na mara zote saba sikupewa hata mke," mwigizaji anadakia. "Nilipewa bunduki tu."

Aliichukulia kama kazi nyingine yoyote, mpaka siku moja, miaka miwili iliyopita, binti yake wa miaka tisa aliporudi kutoka shule kanuna. Wakati wa mapumziko walicheza polisi. Wenzake walikuwa wameshamchagulia nafasi: yeye ndiye mwenye bomu. Kwani si Mwarabu?

"Akaniuliza, 'Mama, yule mtu mbaya wa jana kwenye televisheni, ulimpaka wewe?' Nikamjibu ndiyo. Akaenda kuizima televisheni. Bora angelia."

Wiki iliyofuata, mzee yule yule aliketi kwenye kiti kile kile. Mwongozaji wa tamthilia akachungulia mlangoni na kuuliza mbona Mwarabu wake anaonekana mpole. Akataka kovu lirefushwe mpaka kidevuni.

Shangazi Poda aliweka brashi mezani.

"Nikamwambia, bosi, kovu hili silichori. Huyu anafanana na baba yangu, na baba yangu hajawahi kumtisha mtu, labda mwanafunzi wake wa udereva aliyesahau breki."

Mwongozaji alimwambia aende nyumbani akapumzike, na kwamba ataitwa. Wiki tano zikapita bila simu. Kazi ya kuwapamba maharusi ilimpatia nusu tu ya mshahara wake wa kawaida. Mumewe, fundi viatu, alimwambia watajibana, ila usiku Shangazi Poda alimsikia akijigeuza kitandani kama yeye.

Aliyebisha hodi siku moja hakuwa mwongozaji. Alikuwa mwandishi wa tamthilia ile, mwanamke kijana aliyekuwa ndani ya chumba brashi ilipowekwa chini. Alikuja kuomba radhi kwa sababu yale makovu yote, kabla ya kuchorwa, yalikuwa yameandikwa na yeye.

"Akasema, 'Dada, mimi Waarabu nawajua kwa sinema tu. Nipeleke nikamwone huyo baba yako.'"

Baba mtu ni mwalimu wa udereva, mwaka wa thelathini na moja sasa. Alipojua kwamba mgeni hajui kuendesha, alimpandisha kwenye gari lake papo hapo. Katika nusu saa mgeni aligonga pipa la taka, akaparamia ukingo wa barabara, akazima gari mara tisa. Mzee hakupandisha sauti hata mara moja. Alishika mlango kwa mikono miwili na kurudia, "Vizuri mwanangu, vizuri, sasa tujaribu bila pipa."

"Nilicheka hadi machozi," anakumbuka mwandishi huyo. "Halafu nikaona aibu. Miaka sita naandika Waarabu, sikuwahi kumwandika hata mmoja anayeogopa."

Ndivyo alivyozaliwa mwalimu wa udereva wa kwenye tamthilia, nafasi aliyopewa mzee yule yule: Mwarabu mwoga, mpole, mwenye mke wa kumgombeza na wanafunzi wanaomtoa jasho. Kituo kilikubali kipindi kimoja tu cha majaribio. Mwongozaji akapiga simu kwa sauti ya mtu aliyemeza maji ya moto: "Rudi. Huyu wako anahitaji poda, sio kovu."

Kilirushwa Jumamosi alasiri. Familia ilijazana sebuleni, na Shangazi Poda akajifungia jikoni asione.

"Nilikuwa nasikiliza ukimya," anasema. "Mara nikamsikia baba yangu akicheka, kisha majirani wa upande wa pili wa ukuta nao wakacheka. Nikakaa sakafuni. Mume wangu akanikuta hapo akadhani nimeungua."

Kituo kikaagiza vipindi kumi na viwili. Shuleni, mwalimu wa darasa anasimulia, watoto sasa wanagombania kuwa mwalimu wa udereva.

Si kwamba mambo yote yamenyooka. Jioni ile ile ya Jumamosi kituo kilirusha sinema ya kununua yenye magaidi wale wale wa siku zote. "Lakini usingizi nalala," anasema. "Nilikuwa nimesahau unafananaje."

Mwezi ujao anaanza kozi ya uandishi wa tamthilia, jioni mbili kwa wiki, na kurasa kumi na nne za kwanza ameshaziandika. Kisa ni cha mwanamke.

"Mwanamke wa Kiarabu kwenye televisheni ana kazi mbili, kulia na kunyamaza," anasema, akimvua mzee taulo shingoni. "Huyu wangu ni fundi bomba. Hata akiwa kalala chini ya sinki, hanyamazi."