Walitunyang'anya mashini, gazeti likaendelea: habari za Oporo, Kosele hadi Muhuru Bay

Wakuu wa jukwaa hili, wakubwa kwa wadogo, hamjambo.

Mimi ni mama mzee. Sina tena wa kumwogopa wala wa kumfurahisha, kwa hivyo mtakachosoma hapa ni kile nilichokiona kwa macho yangu na kilichonipata mwilini. Pale nisipojua nitasema sijui.

Nimesoma humu watu wakisema community media ya kujitolea ni ndoto, eti bila tajiri nyuma yake haisimami. Nikacheka peke yangu jikoni. Kaeni niwaambie.

Ilikuwa miaka ya sitini, uhuru bado mbichi. Hakukuwa na Migori County wala Homa Bay County, kote huko kuliitwa South Nyanza. Mimi nilikuwa msichana, mwalimu UT, yaani mwalimu asiye na cheti, kwenye shule moja ya msingi karibu na Kosele.

Redio zilikuwa chache na zilijua habari za Nairobi tu. Gazeti likitufikia, tayari ni la kufungia sukari dukani.

Chanjo ya ng'ombe ikiletwa Ndhiwa, sisi tunasikia wakati daktari ameshaondoka. Daraja likibebwa na maji, unajua ukishafika mtoni na mzigo kichwani.

Ndipo tukaanzisha ushirika. Si wa pamba, si wa samaki. Ushirika wa habari.

Wazo lilitoka kwa Ezekia, seremala, Msabato, mtu mrefu wa maneno machache. Alisema, "Kama watu wanaungana kuuza pamba, kwa nini wasiungane kujua mambo yao?"

Sheria zetu hazikuwa nyingi. Gazeti halina mwenyewe. Mshahara hakuna. Kila mwanachama kura moja, awe mwalimu, awe muuza mtama. Kiingilio chako ni kazi: lete habari, au andika, au chapa, au beba magazeti mpaka sokoni na uwasomee wasiojua kusoma.

Tukaliita Oporo, ile pembe iliyokuwa ikipulizwa zamani kuita watu. Ukurasa wa mbele ulikuwa kwa Dholuo, lugha yetu. Wa nyuma Kiswahili, kwa ajili ya Wakuria, wafanyabiashara, na maaskari waliotoka mbali.

Mashini ilikuwa ya Bwana Salim, Mwislamu mwenye duka la vitambaa pale Kosele, watu wake walitoka Mombasa. Ilikuwa saiklostaili kuukuu. Vijana hamjaiona hiyo. Unapiga maneno kwa taipureta kwenye stencil, unaifunga stencil kwenye ngoma yenye wino, unazungusha kwa mkono, karatasi zinatoka upande wa pili. Mikono yako pia inatoka myeusi.

Salim alituachia chumba cha nyuma kwa sharti moja. "Kiswahili chenu hicho nitakisahihisha mwenyewe."

Na alikisahihisha. Nikiandika "ng'ombe hizi" ananitazama kana kwamba nimemtukania mama yake.

Kupata siku ya kuchapa nusura kutuvunje. Ijumaa Salim ana swala. Jumamosi Ezekia na Wasabato wenzake hawagusi kazi. Jumapili sisi Wakatoliki tuko misa. Siku nyingine ni za soko. Ikabaki Alhamisi. Salim akasema, "Basi, hii Mungu ametuachia sisi."

Wakuu, kazi ile ilikuwa tamu. Sijui niielezeje.

Nakumbuka mara ya kwanza niliposoma Oporo soko la Ndhiwa. Nilisimama juu ya gunia la mtu. Nikasoma kwamba kuna ng'ombe dume amefungwa kwa mzee fulani huko Kosele, mwekundu, pembe moja imepinda. Mzee mmoja akaangusha fimbo yake, akapiga kelele, "Huyo wangu!" Watu wakacheka, wakampisha. Alitoka pale mbio kama kijana.

Kuanzia siku hiyo nikifika sokoni wananifanyia nafasi.

Sasa shida.

Kati ya wanachama wetu alikuwepo Min Achieng, yaani mama yake Achieng, mchuuzi wa samaki wa Muhuru Bay. Yeye ndiye aliyetuletea habari za ziwani. Hakuwa mtu wa kunong'ona. Akiita mtu Muhuru, Tanzania wanageuka.

Siku moja alifika dukani kwa Salim bila samaki. Hilo peke yake lilinishtua. Akakaa chini, akavua kitambaa cha kichwa.

"Japuonj," akaniambia, ndiyo kusema mwalimu, "andika. Ufuo wetu umefungwa."

Kulikuwa na sehemu pale Muhuru, tambarare, karibu na maji, ambako wanawake walianika omena na samaki wengine tangu enzi za mama zao. Tajiri mmoja mwenye lori, ambaye pia alikuwa diwani, alikuwa ameizungushia waya wa miiba. Nitamwita Bwana Lori, hilo si jina lake. Alisema ni yake, chifu wa Muhuru amempa. Wanawake wakafukuziwa kwenye mawe ambako samaki wanaoza chini na ndege wanakula juu.

Ezekia akasema hatuandiki kitu hatujakiona. Alikuwa sahihi. Basi nikapanda basi mpaka Muhuru.

Nikaona waya. Nikaona wanawake kwenye mawe wakifukuza ndege kwa leso zao. Harufu ya samaki walioharibika ilinifuata kwenye nguo mpaka nyumbani.

Nikaenda pia kwa Bwana Lori nimuulize upande wake. Msidhani alinifukuza. Alinipa kiti na chai ya maziwa.

"Mwalimu, wewe ni msichana mwenye akili," akasema. "Utafanya kazi ya bure mpaka lini?"

Nikamwambia nimekuja kuuliza habari ya ufuo.

"Ufuo ni jambo dogo. Nimesikia mashini yenu imechoka. Nitawaletea mpya. Nitawajengea ofisi ya mabati. Wewe utakuwa editor mwenye mshahara. Jina langu mliweke juu tu pale, kama mlezi. Na haya maneno ya wanawake wa samaki, yaacheni."

Nilimaliza chai yangu, nikashukuru, nikaondoka. Sikumjibu kwa sababu jibu halikuwa langu peke yangu. Lilikuwa la ushirika.

Mkutano ule, wakuu, ulikuwa moto. Na aliyenishangaza ni Ezekia. Alitaka tukubali.

"Mashini inakufa," akasema. "Ikifa, hata habari ya chanjo hatutaitoa. Tunyamaze mara moja, tuseme miaka mingi."

Hakuwa mwoga, na hakuwa amenunuliwa. Yeye ndiye aliyeifungua mashini ile kila wiki, akaifunga kwa waya na gundi ya mbao. Alijua anachosema.

Min Achieng akainuka. "Ezekia, ukinyamaza mara moja, mara ya pili nani atakuuliza? Atakuja tu na kukufunga mdomo kwa sababu mdomo ameshaununua."

Mimi nikasema jambo moja tu: jina lake likikaa juu, Oporo ni yake, hata tukiandika sisi.

Tukapiga kura kwa mikono. Waliokataa walizidi kidogo. Ezekia akashindwa katika ushirika aliouanzisha mwenyewe. Akachukua kofia yake, akatoka bila kuaga.

Nikajua tumempoteza.

Alhamisi nilipofika, mlango wa nyuma ulikuwa wazi na yeye amekunja mikono ya shati, ameshatia wino. Akasema, "Kura ni kura. Lete stencil."

Mpaka leo nikisikia neno demokrasia, mimi namwona Ezekia na ule mpini wa mashini mkononi.

Gazeti likatoka. Tukalisoma Kosele, Ndhiwa, Homa Bay karibu na gati, na Muhuru kwenyewe. Tuliandika tulichokiona: waya uko wapi, nani ameuweka, nani walikuwa wakianika pale zamani, yeye anasema nini. Hata ahadi ya mashini tuliiandika, na kwamba tumeikataa.

Haukupita muda, maaskari wa chifu wetu wa Kosele wakaja dukani mchana. Wakabeba saiklostaili. Wakabeba taipureta. Wakabeba mpaka karatasi nyeupe zisizo na neno.

Salim alisimama kaunta akiwatazama. Akawaambia, "Mashini ni yangu, nawaachia. Maneno si yangu, hayo mtayatafuta kwa wenyewe."

Mimi nikaitwa na msimamizi wa shule. Chifu ameitisha baraza pale Kosele, akaniambia. Kuna karatasi imetayarishwa. Nitasimama mbele ya watu nisome kwamba Oporo ilisema uongo na tunaomba radhi. Nikisoma, nitaendelea kufundisha. Nisiposoma, nisirudi shuleni.

Nilikwenda kwa mama yangu. Mama alikuwa akipeta mtama. Nilidhani atalia, maana mshahara wangu ndio uliosomesha wadogo zangu. Akaendelea kupeta. Halafu akaniuliza, "Ni uongo?"

"Si uongo, mama."

"Basi utasoma nini?"

Hivyo tu.

Siku ya baraza watu walijaa. Bwana Lori alikaa kiti cha mbele karibu na chifu. Wanawake wa Muhuru walikuja wengi, wamekaa chini pamoja. Chifu akanipa ile karatasi. Akasema, "Soma, mwalimu. Kwa sauti."

Nikaikunja karatasi, nikaishika mkononi, nikaanza.

Nikasema habari yetu. Ile ile. Niliipiga taipureta mwenyewe, niliijua kwa kichwa kama sala. Kwanza kwa Dholuo, wenyeji wote wasikie. Halafu kwa Kiswahili, wale maaskari waliotoka mbali nao wapate.

Chifu akapiga meza. "Hiyo siyo! Soma niliyokupa!"

Nikamwambia, "Chifu, kwa heshima, hiyo ni yako. Isome wewe. Gazeti la ushirika linasema hivi."

Askari akanishika mkono. Nikawa naongea huku navutwa. Nilipofika mwisho wa nguvu zangu, nikasikia sauti nyuma yangu ikiendelea pale pale nilipokatika. Min Achieng. Alikuwa ameisikia ikisomwa mara nyingi, alikuwa nayo yote. Wakamwendea yeye, akaendelea mwingine.

Hawakuweza kutukamata wote. Walinikamata mimi.

Nililala seli huko Homa Bay. Sitaipamba. Kulikuwa na baridi, kunguni, na maneno machafu. Lakini wanawake wa Kisabato waliniletea uji, na Salim akapata mtu wa kunidhamini. Nilipotoka Ezekia alikuwa ananingoja nje na baiskeli. Hakunipa pole. Aliniuliza, "Alhamisi tunafanyaje?"

Nikamwambia, "Tunachapa."

"Kwa mashini gani?"

"Kwa mdomo."

Na tukafanya hivyo. Alhamisi tulikutana chumba kile kile kitupu. Kila mtu anasema habari aliyoleta, tunaibishania, tunaikata iwe fupi, tunaikariri pamoja mpaka sote tunasema maneno yale yale. Halafu kila mtu na soko lake. Watu walisema "leo nani anasoma Oporo?" na sisi hatuna hata karatasi.

Haya, ninyang'anyeni hiyo!

Huko Muhuru wanawake walirudi ufuoni. Waliinua waya wakapita chini yake. Na kwa kuwa waya ulikuwa umekaa vizuri penye jua, wakaanza kuutumia. Wakatundika nyavu. Wakatundika samaki waliopasuliwa. Wakatundika nguo za watoto. Kila Alhamisi habari hiyo ikaingia kwenye Oporo, na masoko yote yakawa yanamcheka Bwana Lori kwa kuwajengea akina mama kamba ya kuanikia.

D.O., mkuu wa tarafa, naye akasikia, akaja kuona kwa macho yake. Hakutoa amri yoyote, alitazama tu, akamuuliza Bwana Lori hati ya ardhi. Hakuwa nayo.

Siku moja Bwana Lori akaja na lori lake na vibarua, akakunja waya wake. Hakuna aliyemzuia, hakuna aliyemsaidia. Walipoanza kung'oa nguzo, Min Achieng akamwambia, "Baba, hizo tuachie. Tumezizoea."

Sijui ni aibu au ni uchovu. Aliziacha.

Shule haikunirudisha. Mashini haikurudi pia. Nikaenda kufundisha watu wazima kusoma kule Ndhiwa, wadogo zangu wawili wakakatiza masomo, na hilo liliuma na bado linauma. Oporo ya mdomo iliendelea miaka kadhaa, hadi Ezekia akazeeka na Salim akahamia mji mwingine. Haikufungwa na mtu. Ilikwisha kama watu wanavyokwisha.

Nilichojifunza ni hiki. Kujitolea si bure. Unalipa kwa mwili wako na kwa watu wako, kwa hivyo usimruhusu mtu akwambie kitu chako ni cha bure ndio akinunue rahisi. Na kama chombo chenu cha habari kinaweza kubebwa na maaskari kikaingia kwenye gari, basi hicho ni kifaa tu. Ushirika ni watu.

Ningeulizwa leo, ningeikunja ile karatasi tena.

Nimemaliza yangu. Anayetaka kubisha abishe, mimi si mtu wa kuogopa ubishi, bora alete hoja. Na kama una redio ya kijiji, gazeti la ukutani, au group la habari mnaloliendesha wenyewe bila bosi, tuambie hapa chini: siku tajiri akija na chai ya maziwa, nyinyi mmepanga kupiga kura namna gani?