Ufa wa Kilima cha Mlondwe

Mzee Evaristi alikuwa mwongo, na watu wa kilima cha Mlondwe walimpenda kwa hilohilo. Pale juu zilikuwa nyumba kumi na moja tu, mwendo wa saa nne kwa miguu kutoka barabara iendayo Sumbawanga, na baridi ya Ufipa mwezi wa sita si ya mchezo. Mtu anayeweza kuwasahaulisha wenzake baridi ile hakosi kukaribishwa kwenye kila moto.

Ujanani alikwenda Tanga kukata mkonge, kama walivyokwenda vijana wengi wa Kifipa wa rika lake. Wenzake walirudi na blanketi na kikohozi. Yeye alirudi na hadithi. Treni ilimleta hadi Kigoma, na hapo hata mimi ninaamini. Lakini kutoka Kigoma kuja Kipili, alisema, hakupanda meli. Alimkuta ufukweni samaki mkubwa, mzee, kipofu wa macho yote mawili, aliyekuwa akitafuta njia ya kwenda kusini kwa ndugu zake. Evaristi akamkalia mgongoni siku tatu, akimwelekeza: kulia, kushoto, angalia mwamba huo. Walipofika Kipili samaki alilia kwa uchungu wa kuagana, na ndiyo maana, alisema, maji ya pale yana chumvi kidogo. Ukimwambia umeyanywa maji ya Kipili na hayana chumvi hata chembe, alikuwa akikuuliza, "Uliyanywa mwaka gani?"

Kulikuwa na hadithi ya radi iliyomwomba tumbaku walipojificha mvua chini ya jabali moja. Kulikuwa na ya upepo wa milima ya Lyamba lya Mfipa alioshindana nao mbio kuteremka hadi bonde la Rukwa, ukamshinda kwa sababu yeye alisimama njiani kuwasalimia wakwe. Watu walicheka mpaka wakashika mbavu, na hakuna aliyedhurika.

Binti yake wa pekee, Silvana, alikuwa na jambo moja ambalo wengine hawakuwa nalo. Mama yake alipofariki, yeye akiwa na miaka tisa, baba aliingia ndani, akapiga goti ili macho yao yawe sawa, akaivua kofia yake ya pama.

"Mama yako hayupo tena," alimwambia. Kisha, mtoto alipokuwa bado anamkodolea macho asijue kama hiyo nayo ni hadithi, akaongeza: "Mimi ni mwongo, mwanangu, unajua. Lakini wewe huna mwingine, na mimi sina mwingine. Nikivua kofia mbele yako, ninalosema ni kweli. Usimwambie mtu."

Hakumwambia mtu. Hata Polikarp, mumewe, hakuwahi kujua. Baba aliivua kofia mara mbili tu baada ya siku ile: mara moja kumwambia kwamba Polikarp anakunywa lakini hatampiga, na ikawa hivyo; mara nyingine, miaka kumi na tatu baadaye, kumwambia kwamba Polikarp hatapona, amwite padri. Na hilo nalo likawa. Silvana alizika mume bila kushtukizwa, na katikati ya msiba ule alimshukuru Mungu kwa kumpa baba wa namna hiyo. Binti gani hapa duniani alikuwa na hakika kama yake?

Mwaka 1974 ukaja na amri ya kuhamia vijijini. Kijiji kipya kilipimwa kando ya barabara, kikaitwa Tupendane, na Mlondwe wakaambiwa wawe wameshuka kabla ya mvua. Watu wakakataa, na wa kwanza kusimama mkutanoni alikuwa Silvana.

Hakusimama kwa siasa. Alisimama kwa ajili ya ntumba zake. Mfipa halimi kwa kuchoma majani. Mvua zikielekea mwisho anayafukia majani mabichi ndani ya tuta la mviringo, anaotesha maharage juu, anayaacha majani yaoze humo chini miezi yote ya kiangazi. Mvua mpya zikikaribia, tuta linafumuliwa, udongo unakuwa mweusi na laini, ndipo ulezi unapandwa. Hayo matuta ndiyo ntumba. Ukihama kabla ya kuyafumua umeacha chakula cha mwaka mzima ardhini, na kule uendako ardhi ngumu ya nyasi itakudai mwaka mwingine kabla haijakupa kitu. Silvana, mjane mwenye watoto watatu, alikuwa na ntumba sitini. Alipika pombe ya ulezi mwezi wa tatu, kilima kizima kikaja na majembe, wakamlimia kwa siku mbili. Hakuwa na kitu kingine.

"Tutashuka," alisema pale mkutanoni. "Hatukatai maendeleo. Lakini tufumue kwanza, tupande, tuvune, ndipo tushuke."

Katibu wa chama aliyetumwa kusimamia uhamisho akasema mgambo watakuja. Wanawake wakasogea wakasimama nyuma ya Silvana, Emerensiana jirani yake wa mlango wa pili akiwa mbele, na siku ile katibu aliondoka na daftari lake jeupe.

Wiki iliyofuata Evaristi akaanza hadithi mpya. Chini ya Mlondwe, alisema, amelala nyoka tangu enzi za mababu waliokuwa wakiyeyusha chuma kwenye malungu, yale matanuru marefu ya udongo ambayo mabaki yake yako hadi leo mlimani. Moto wa malungu ulimpasha joto mgongoni akalala vizuri. Sasa moto umezimika miaka mingi, nyoka anasikia baridi, anataka kujigeuza. Watu wakacheka. Mtoto mmoja akauliza kama nyoka hana blanketi, naye Evaristi akamjibu kwamba analo, lakini ni jepesi, kama yale wanayorudi nayo wakata mkonge wa Tanga.

Silvana naye alicheka. Asubuhi ya pili baba akamfuata shambani, akasimama kati ya ntumba, akaivua kofia.

"Achana na nyoka," alisema. "Kilima kinapasuka. Njoo uone."

Akampeleka upande wa juu, nyuma ya vichaka. Ufa ulikuwepo, mpana wa kuingia mguu, umekwenda hatua kadhaa ukapotea kwenye majani. Silvana alitaka kuufuata aone mwisho wake, baba akamshika mkono na kumwambia asikanyage, ardhi imelegea. Akamwambia mvua zikianza upande wote ule utashuka, na nyumba ya kwanza kufukiwa ni yake na watoto.

Alilia siku ile, akizitazama ntumba zake. Kisha akapita nyumba kwa nyumba. Wanawake wakamwuliza, "Ni nyoka wa baba yako?" Akajibu, "Si nyoka. Nimeuona ufa kwa macho yangu." Hilo likatosha. Ndani ya siku tisa kilima cha Mlondwe kilikuwa kitupu, na hakuna mgambo aliyepanda.

Tupendane palikuwa na familia mia tatu, duka moja la ushirika, na vumbi. Unga wa msaada kutoka mjini ulikuja mara mbili, ukaacha kuja. Nyumba ya Evaristi ilisimama kabla ya nyingine zote, tena pazuri, mkabala na duka, mahali ambapo kila mtu lazima apite. Silvana aliona ni heshima ya uzee.

Mwezi wa kumi akaja karani wa kuhesabu kaya, kijana wa Mbeya aitwaye Andwele aliyekuwa na kazi na nyumba kule Chanji, mjini. Kijana mpole, mwenye adabu zake. Alimwamkia Silvana shikamoo, akaandika majina ya watoto, akafunga daftari huku anatabasamu.

"Mama Adriano, mzee wako ametusaidia sana. Mlondwe tulikuwa tumepangia mgambo. Yeye akamfuata katibu akamwambia, niachieni mimi. Wanawake wote wanamsikiliza binti yangu, na binti yangu ananisikiliza mimi nikivua kofia." Akacheka kidogo. "Tulikuwa hatuelewi, kofia inahusu nini? Akatueleza. Katibu alicheka sana."

Silvana akauliza, kwa sauti iliyotoka yenyewe, baba alipewa nini.

"Hakutaka kitu, mama. Aliomba kiwanja cha mbele ya duka tu."

Kesho yake alfajiri alichukua jembe akapanda Mlondwe peke yake. Kilima kilikuwa kimesimama kama kilivyosimama siku zote. Akaenda nyuma ya vichaka, na safari hii hapakuwa na wa kumshika mkono. Aliufuata ufa hatua kumi na mbili. Ukaishia hapo, umekatwa wima, na kwenye udongo mkavu alama za bapa la jembe zikionekana moja moja. Udongo uliotolewa ulikuwa umerundikwa nyuma ya mti na kufunikwa matawi. Mzee wa miaka sabini na kitu alikuwa ameifanya kazi ile peke yake, kwa jasho lake, ili amdanganye mtu mmoja.

Alikaa chini. Hakulia. Alikuwa na hasira ya namna ambayo hakujua kwamba anayo, na chini ya hasira kulikuwa na aibu, maana alikumbuka milango yote aliyoipitia akisema "nimeuona kwa macho yangu".

Alimkuta baba mbele ya duka amezungukwa na watu wasiopungua arobaini, anawasimulia jinsi nyoka wa Mlondwe alivyojigeuza akameza nyumba kumi na moja, na yeye akaokoa watu kwa kumshika mkia. Silvana akasubiri mpaka wametawanyika.

"Umeuchimba wewe ule ufa, baba."

"Nani kakwambia?"

"Nimetoka kuuona. Unaishia kwenye jembe lako."

Evaristi akatazama barabarani. "Mgambo wangekuja, Silvana. Wangechoma nyumba, wangekupiga wewe uliyesimama mkutanoni. Nimekuokoa."

Silvana alitamani sana hilo liwe ndiyo sababu. Akalipima, akaona lina ukweli ndani yake, lakini haujai. "Basi ungeniambia hivyo hivyo. Ningekusikia. Kwa nini kofia? Na kwa nini uwaambie wale?"

Kofia ya mzee ilikuwa kichwani, imekaa sawasawa.

"Kule juu nyumba kumi na moja," alisema. "Kila hadithi yangu wameijua mpaka mwisho. Watoto walikuwa wananimalizia. Naanza samaki, wao wanasema kulia, kushoto. Hapa familia mia tatu, kila siku wanapita wageni. Nilitaka kusikilizwa tena kabla sijafa, mwanangu."

Silvana akaona kwamba huo ndio ukweli, na kwamba amewahi kusikia matusi yasiyouma kama huo. Chakula cha wajukuu watatu kilikuwa kimebadilishwa na kiwanja mbele ya duka.

Jioni ile aliwaita wanawake wa Mlondwe, akawaeleza yote, hata siri ya kofia, maana haikuwa siri tena. Alifikiri watamkasirikia baba pamoja naye. Walisikiliza mpaka mwisho. Emerensiana, ambaye mtoto wake mdogo alikuwa amekwisha vimba miguu kwa njaa, akainuka na kukung'uta kanga.

"Baba yako tunamjua tangu tuko wadogo," alisema. "Sisi hatukumfuata yeye, Silvana. Tulikufuata wewe."

Wakaondoka mmoja mmoja. Baadhi, alisikia baadaye, walikuwa wakisema kwamba alijua tangu mwanzo, mtoto wa nyoka ni nyoka tu, na kiwanja kile cha dukani atakirithi nani kama si yeye?

Mvua zilipokaribia, mwezi wa kumi na moja, aliona afadhali miguu iumie kuliko watoto walale njaa. Ntumba zilikuwa bado ziko. Ng'ombe walikuwa wamezikanyaga baadhi, lakini nyingi zilikuwa nzima, na ndani yake udongo mweusi ukimngoja. Akasaga kimea cha ulezi wake wa mwisho, akapika pombe ndogo, akatangaza kama desturi ilivyo: anayetaka aje na jembe Mlondwe siku ya Jumatano, na zake zikiisha, yeye naye atawafumulia wao zao. Siku ya Jumatano alipanda mlima na mtungi kichwani.

Hakuja mtu. Alikuwa amekwisha fumua tuta la nne alipomwona mtu anapanda polepole, anapumzika kila baada ya hatua chache. Alikuwa Evaristi, na jembe begani.

Hakumfukuza. Mtu aliyekuja na jembe kwenye ntumba hafukuzwi, ndivyo desturi ilivyo, na Silvana hakutaka kuvunja na hiyo. Alimwonyesha mstari wa kuanzia, akarudi kwenye wake. Mzee alilima bila neno, jambo ambalo hajawahi kulifanya maishani mwake. Jua lilipokuwa kichwani Silvana alimpimia pombe na kiporo cha ugali, sehemu ya mfanyakazi, si zaidi na si pungufu, akakaa mbali kidogo kula ya kwake.

Evaristi alishika kikombe bila kunywa. Mikono ilikuwa imetoka malengelenge.

"Silvana," alisema. "Nikwambie ukweli, mwanangu? Ukweli wenyewe?"

Alikuwa anamtazama usoni kama mtu aliyekwama njiani anavyomtazama mpita njia, na Silvana alimwonea huruma, kweli kabisa. Lakini alipotafuta moyoni pale alipokuwa akiuweka ukweli wa baba yake, hakukuta kitu.

"Nitaujuaje, baba?"

Mzee akanywa pombe yake yote, akashika jembe, akarudi kwenye mstari wake. Walifumua matuta kumi na sita siku ile kabla ya mvua kuanza, kila mmoja upande wake.