Kanda ya Arusi Tusiyotakiwa Kusikiza

Jirani yangu hapa Amu huhamishia kanda za kaseti kwenye kompyuta, sebuleni kwake. Juzi nikiwa kwake, mjane mmoja alileta kanda ya arusi yake.

"Ni nyimbo za wanawake, Bwana. Msisikize."

Jirani akazima sauti. Kanda ilizunguka saa nzima, naye akitazama mistari ikipanda na kushuka kwenye skrini, mikono mapajani kama yumo msikitini.

Ilipokwisha, mama akavaa hedifoni. Akakunja uso.

"Mpira! Marehemu alirekodi mpira wa redio juu ya arusi yetu!"

"Nifute, Bi?"

"Wacha. Huyu anayepiga kelele za goli kando ya redio ni yeye."

Saa nzima tulikuwa tumemstahi mtangazaji wa mpira. Mama alipoanza kulia ndipo tulipotoka nje, bila kuambiwa.